Mafundi wa mashua Nungwi: kazi nyota tano, muda nyota mbili

Haya, kwa wenye vyombo vya mbao na wale mnaonitumia meseji kila siku "chombo mlikipeleka wapi kutengenezwa", leo naandika yote, zuri na baya, someni mpaka mwisho msije kunipigia simu usiku.

Mie na mume wangu tunakaa baharini mwaka wa tatu sasa, nyumba yetu ndo chombo. Si yoti ya faiba kama zile za wageni mnazoziona zimetia nanga mbele ya Forodhani, ni mashua ya futi 36 iliyokuwa ikibeba boriti na mkaa, tukainunua imechoka hivyo hivyo tukaijengea kibanda, sola mbili juu, injini ndogo ya dizeli, jiko la gesi, na tanga lake lile lile la zamani. Mume wangu alifanya ubaharia meli za mizigo, alipoacha akaniambia usingizi hauji kwenye nyumba isiyotikisika, na mie nilikuwa nimefundisha sekondari miaka 19 nimechoka na chaki, watoto washakuwa wakubwa, nikamwambia haya twende. Mtaani wakasema tumefilisika. Mama mkwe wangu, Mpemba wa asili, mpaka leo hajatusamehe, kwake yeye mkondo wa Nungwi maana yake ni Spice Islander, meli iliyozama usiku ule wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, anawajua watu waliokuwemo, kwahiyo kila tukivuka kwenda Pemba lazima nimpigie kabla ya kuvuka na nimpigie tukishavuka, na katikati hapo mtandao hauko anakaa na tasbihi. Simlaumu. Mume wangu yeye kila akibanwa anatoa mfano wa Eric na Susan Hiscock, wale mke na mume wa Uingereza waliozunguka dunia 1952 mpaka 1955 kwa chombo cha futi 30, mie namwambia Susan hakuwa na mama mkwe wa Kipemba.

Sisi hatuzungukii dunia. Tunakwenda na upepo wa kaskazi tunarudi na upepo wa kusi, basi, kama wazee walivyokuwa wakifanya, chini Mafia, Kilwa, Mikindani, na mwaka juzi Desemba tukasema tukate bahari twende Ngazija, kule Komoro, mume wangu ana shangazi yake Moroni. Kutoka Mtwara ni kama maili 200 za bahari, siku mbili na usiku wake upepo ukiwa na adabu.

Sasa kabla ya safari ile ndo tulifanya kosa. Tulikipeleka chombo yadi moja huko bara, jina silitaji, wana kreni, wana ofisi ya AC na risiti ya mashine, wakatuambia kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba, ni mambo ya kizamani wao wanatia silikoni na gundi za kisasa, tukaona watu wameendelea hawa, tukalipa. Jamani. Faiba sawa, lakini ubao ulionyweshwa sifa miaka 20 gundi gani itashika pale, sifa ni mafuta ya papa, yameshaingia mpaka moyo wa mbao! Halafu ubao ni kitu kinachopumua, ukinywa maji unavimba ukikaa juani unasinyaa, ile silikoni ikawa inasukumwa nje kidogo kidogo, tulipofika Kilwa nazikuta zinaning'inia ubavuni kama tambi. Mafia tulikuwa tunafua maji, yaani kuyachota ndani na kuyamwaga nje, mara mbili kwa siku, Mtwara mara nne, kwenda Ngazija kila baada ya saa tatu mmoja analala mmoja yuko ngamani, kule chini maji yanakokusanyika. Ndio, najua, ilikuwa wazimu kuvuka hivyo. Kurudi pampu ya umeme ikafa, tukarudi kwenye upo wa kuchotea maji kwa mkono kama babu zetu, mkono wangu wa kulia mpaka leo mnene kuliko wa kushoto.

Tulirudi na demani bahari ikiwa imetulia, na mume wangu akasema safari hii moja kwa moja Nungwi.

Watu wengi Nungwi wanaijua kwa mahoteli. Sie tunaijua kwa ule upande wa ufukwe vinapoundwa vyombo, mchangani, hamna ramani hamna kompyuta, fundi anafumba jicho moja anatazama taruma, ule mti wa mbavu za chombo, anakwambia hili limezidi, ukipima kweli limezidi. Makelele ya tezo na nyundo tangu asubuhi, ng'ombe wanapita, watalii wanapiga picha, ndo ofisi yenyewe hiyo. Kuna mafundi wengi pale, sie tulishikwa na mzee mmoja wa makamo na vijana wake wanne, mie namwita Ami.

Jambo la kwanza mlijue, hawa watu hawana tarehe. Nimempigia nikamuuliza Ami tuje tarehe 12? Akanijibu, "Tarehe ya nani hiyo? Njooni mwezi mwandamo." Na ana haki yake, maana hapa hamna kreni, kreni ni bahari. Kwetu maji ya bamvua, yaani yale maji makubwa, yanajaa saa kumi, alasiri na alfajiri, yanapwa saa nne, na kati ya kujaa na kupwa kunafika kama mita 4, kwahiyo unaingia na maji yamejaa, bahari inakupandisha juu ufukweni, kisha inakukimbia na kukuacha mkavu. Bamvua linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ukilikosa hili unasubiri siku 14 au 15 mpaka jingine. Shikeni hapo kwenye siku 14, nitarudi.

Tukaingia siku hiyo saa kumi alasiri, injini polepole, vijana kumi na kitu wako majini mpaka kifuani wameshika kamba, mmoja anaimba wengine wanaitikia, mpaka mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, ukagusa mchanga. Maji yalivyoanza kushuka wakatia magadi, miti ya kuegemeza chombo, huku na huku, ilipofika isha nyumba yangu imesimama ufukweni kama ngamia, natia mguu nje nakanyaga mchanga.

Kazi yenyewe sasa. Kwanza walikwangua yale magamba ya chini, yale yanayokata mkono, halafu wakachoma. Hapa nilitaka kulia. Wanachukua makuti makavu wanayawasha wanapitisha moto chini ya chombo ubavu mzima, haraka haraka, kuua wadudu wanaotoboa mbao, na ndani humo ndo mna godoro langu na mtungi wa gesi (mtungi tuliutoa, usiniandame). Mie roho mkononi, mume wangu anapiga picha.

Baada ya hapo wakaanza kutoa silikoni ya watu wa yadi. Ndoo mbili. Ami alikuwa akitoa kila kipande ananionyesha, haongei, ananionyesha tu.

Kalafati nilikuwa nimeiona tangu mtoto lakini sijawahi kukaa nikaitazama siku nzima. Pamba inasokotwa kama utambi, inachovywa mafuta ya nazi, inapigwa ndani ya mshono kwa patasi butu na nyundo. Kijana anapiga tu, lakini Ami yuko upande wa pili wa chombo anakunywa kahawa na anamwambia "rudia hapo nyuma". Nikamuuliza umeonaje na wewe uko huku? Akasema hajaona, amesikia. Mshono ambao haujashiba una mlio mwembamba, ukishashiba mlio unakuwa mzito, na kweli baada ya siku mbili hata mie nikaanza kusikia tofauti. Na msumari hawaupigi mtupu, wanauzungushia pamba yenye mafuta shingoni kwanza ndo wanaupiga ili tundu lake lisivuje. Mbao tatu zilikuwa zimeoza, mbili karibu na mkuku, wakachimba mchanga chini wakalala chali kuzitoa, wakatia mvule mpya na maungio yake huyaoni mpaka uambiwe. Kazi ya namna hii wallahi sina cha kusema, nyota tano na ningekuwa na sita ningetoa.

Ila.

Misumari. Tulikubaliana ile iliyopakwa zinki, isiyoshika kutu upesi, na pesa nilitoa ya misumari hiyo. Asubuhi nimeshuka ngazi naona kijana kashika misumari myeusi ya kawaida ya kujengea banda la kuku. Nikamuuliza hii nini, akasema "mama ile imeisha dukani, hii pia nzuri". Pia nzuri! Miaka miwili itakuwa kutu tupu na ubao unakatika. Nikaenda kwa Ami, akaja akaitazama, akaizoa yote akaitupa kwenye ndoo na yule kijana akapanda daladala kwenda mjini akarudi jioni na misumari sawa, lakini nisingeshuka ile asubuhi je? Kwahiyo msiwaache peke yao, kaeni pale, hata kama hamjui kitu kaeni mkunje uso.

Na advansi. Kila siku kuna advansi. Leo ya pamba, kesho ya chai, keshokutwa mtoto wa fulani anaumwa. Si wezi, mwisho wa hesabu kila shilingi ilikuwa kwenye daftari la Ami, ila unachoka.

Sasa ile siku 14. Mapatano ilikuwa kazi ya siku nne, tuingie bamvua likianza na tutoke kabla halijavunjika. Siku ya pili kukawa na msiba kijijini, hapo sina neno, hata sie tulikwenda kuzika. Siku ya tatu Ijumaa, wakafanya nusu. Siku ya nne misumari. Siku ya sita Ami ananiambia, uso wote unang'ara, "Bibie, chombo tayari." Sawa Ami tayari, maji yako wapi? Maana bamvua limeshavunjika, maji yakijaa yanakuja yanatutazama kwa mbali yanarudi, kila siku yanakomea chini zaidi, yashakuwa maji mafu. Akatazama bahari akatazama chombo akasema "basi mpaka mwezi mpevu".

Siku tisa! Siku tisa tumekaa ndani ya mashua iliyo juu ya mchanga. Baharini nimekaa na mawimbi ya kusi sijalalamika, lakini kuishi kwenye chombo kisichokwenda popote ni kitu kingine. Magadi ya upande wa bara yalizama kidogo mchangani basi nyumba nzima ikalalia upande, chai kwenye kikombe imekaa mshazari, sufuria linateleza lenyewe, siku ya saba nimegombana na mume wangu kwa sababu ya kitunguu kilichobiringika. Choo cha ndani hakitumiki maana kinamwaga chini na chini kuna watu wanapita. Bibi mmoja wa nyumba ya nyuma akatufungulia choo na kisima chake, Mungu ampe kheri, na kila asubuhi anatuletea mikate ya maji. Ng'ombe wakagundua kivuli chetu, saa sita mchana wapo wanne chini ya chombo wanacheua. Na watalii. Mmoja alimsimamisha mume wangu akamuuliza bei ya kulala usiku mmoja. Mume wangu akamwambia muulize mwenye nyumba, akaninyooshea kidole mie nipo juu nafua. Watoto wa pale wakanipa jina, Bi Jahazi, mpaka leo nikipita Nungwi naitwa hivyo.

Ami kwa haki yake hakutukimbia. Kila siku alikuja, akapaka sifa ubavu wote mara ya pili bure, akatengeneza mlango wa kibanda uliokuwa haufungi tangu tununue chombo, akamfundisha mume wangu kusokota pamba. Lakini muda nawapa nyota mbili, na ya pili ni kwa ajili ya ule mlango.

Siku ya kutoka ilikuwa saa kumi alfajiri, mwezi mpevu, mwanga unaweza kuona sindano. Maji yanapanda taratibu, unasikia magadi yanaanza kulia, halafu chombo kinaguna kidogo, halafu unahisi miguuni kimenyanyuka. Nilisahau hasira zote. Dakika kumi baadae nikafungua ubao wa ngama nikakuta maji yanaingia kila mahali!! Nikapiga kelele. Ami yuko majini ameshika usukani wetu akasema "wacha inywe". Mbao zimekaa juani wiki mbili zimesinyaa, zinataka kunywa maji zivimbe, na pamba nayo inavimba, ndo vinabanana. Usiku ule wa kwanza tulifua kila nusu saa, kesho yake kila saa mbili, siku ya tatu asubuhi nimefungua ngama nimekuta ubaridi tu, nikafuta kwa kitambaa. Kama hamjui hilo mtajifia na presha bure, na fundi hakwambii mapema kwasababu kwake ni kitu kila mtu anakijua.

Sikutaka kuandika wakati ule maana kazi ya chombo haionekani ufukweni. Sasa ni miezi saba. Novemba tulivuka kwenda Pemba, tukakaa Misali siku nne (wazee wanasema Nabii Khidhri aliomba msala wa kusalia akaukosa, akasema basi kisiwa hichi ndo msala wangu), tukapanda mpaka Wete. Kaskazi ilipoingia tukashuka Mafia na Kilwa, tukarudi Aprili na mvua za masika na kusi linaanza, siku moja tulipigwa na bahari ya ubavu kutwa nzima, vitu vyote kabatini vilishuka. Ngama kavu. Ndoo moja kwa wiki natoa, na hiyo ni mvua inayopita kwenye mlango wa kibanda, sio mshono. Kulala usiku mzima bila kuamka kushika maji kwa mkono gizani, nyie mnaokaa nyumba za matofali hamuwezi kujua raha yake.

Kitu kisichodumu ni shahamu. Wao chini wanapaka chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, ni rahisi na wadudu hawaipendi lakini miezi miwili na kitu inaanza kutoka, kwahiyo tulipofika Kilwa tukangojea bamvua tukakilaza chombo wenyewe tukapaka. Mie nilipaka upande mmoja yeye mmoja. Harufu yake ni ya mbuzi wa Idi aliyesahauliwa juani, na haitoki kwenye nywele kwa sabuni ya kawaida, tumieni ndimu. Rangi za kiwandani za chini ya chombo zipo, zinadumu zaidi, bei yake ndo mtihani.

Gharama yote, mbao tatu, pamba, misumari (mara mbili kama mlivyosoma), mafuta, shahamu, ufundi, vijana wa kuvuta kuingia na kutoka, na kahawa isiyohesabika, ilifika 1,650,000. Yadi ya bara walituchukua 3,800,000 kwa ndoo mbili za silikoni.

Mkienda, pamba na misumari nunueni mjini wenyewe muende navyo. Ingieni siku ya kwanza kabisa ya bamvua, msingoje lipambe moto. Mapatano muandikiane, hata kwenye kipande cha boksi, Ami hachukii. Kazi ikiwa kubwa kubalini tangu mwanzo kwamba mtakaa mpaka bamvua la pili, mtafute chumba cha kulala, msijifanye mabaharia. Na mkeo kama ndo mara yake ya kwanza usimwambie kuhusu kuchoma, mpeleke matembezi.

Namba ya simu siiweki hapa, hajanipa ruhusa, na hata ningeiweka hapokei, simu inakaa kwenye shati lililotundikwa mtini. Fikeni tu, fuateni mlio wa nyundo.

Sie bamvua la mwezi huu tunaingia tena, kuna ubao mmoja kule omo, mbele ya chombo, umepata ufa tulipogusana na gati. Nimemwambia Ami safari hii siku mbili tu, sio zaidi. Kacheka.